Somo: Amplifaya ya gari ya mtumba imegoma? Pima hivi kabla ya kuifungua

Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, basi naliandika lote mahali pamoja. Nyingi ninazoletewa zimeshachokonolewa kwa bisibisi, na ukizipima ni nzima. Ubovu uko kwenye gari. Kifuniko kinafunguliwa mwisho. Tafuta mita ya kawaida na balbu ya breki ya volti 12, wati 21.

1. Chomoa spika zote na waya za RCA (zinazoleta sauti kutoka redio). Zibaki B+ (chanya ya betri), GND (athi, yaani hasi inayofungwa kwenye bodi ya gari) na REM (waya wa redio unaoiamrisha amplifaya iwake) tu.

2. Pima volti kwenye terminali za amplifaya yenyewe, si kwenye betri. B+ hadi GND upate kama 12.6 injini ikiwa imezimwa, 13.8 hadi 14.4 ikinguruma. REM nayo ipate 12 redio ikiwashwa. Bila REM, hata mpya haiwaki.

3. Kagua athi. Hewa yetu ya bahari haina huruma na chuma. Kwangua rangi mpaka king'ae, kaza bolti, paka grisi juu. Waya uwe mfupi, na unene sawa na wa B+.

4. Tazama taa ya amplifaya. Ilikuwa nyekundu, na spika zikiwa nje imegeuka kijani? Basi amplifaya yako huenda ni nzima. Koili ya spika imeungua, au waya wake umechubuka ukagusa bodi ya gari, hasa unapopita mlangoni. Ikibaki nyekundu, ubovu uko ndani.

5. Fyuzi ikikatika papo hapo, usiweke nyingine. Unga balbu mfululizo kwenye B+, yaani umeme upite kwenye balbu kabla ya kuingia amplifaya. Ikimweka kisha ikafifia, ni kapasita zinajaa, dalili njema. Ikiwaka kwa nguvu isizime, kuna shoti: aghalabu mosfeti (transista) za pawa saplai, au ile dayodi ya ulinzi iliyokufa kwa sababu mtu aligeuza chanya na hasi. Dayodi ni rahisi kubadilisha, kwa hiyo mwambie fundi aanzie hapo.

6. Sasa hatua ambayo watu huiruka, na ndiyo inayoua wufa (spika ya besi). Kabla ya kurudisha spika, washa amplifaya, weka mita kwenye DC (umeme wa betri), pima kati ya chanya na hasi ya kila chaneli. Unatakiwa kuona milivolti chache tu, makumi si neno. Ukiona volti kadhaa, SIMAMA. Aghalabu transista ya kutoa sauti imevuja, na umeme huo utaisukuma koni ya wufa upande mmoja na kuishikilia hapo. Koili haitembei, haipozwi, inaungua huku husikii chochote. Usitegemee taa ya ulinzi: katika mtumba, sehemu hiyo huenda ilishakatwa na aliyetangulia ili mashine ionekane inawaka dukani. Pima chaneli zote, si moja. Na usipime kutoka terminali ya spika hadi bodi ya gari, maana amplifaya nyingine huonyesha volti hapo zikiwa nzima kabisa, ukatupa kitu kizuri.

MASWALI

Wa Likoni: Yangu haiwaki. Shida nini?
— Hatua ya 2. Leta namba za mita.

Wa Likoni: Sina mita. Niliweka fyuzi ya 60 badala ya 30, ikatoa moshi.
— Fyuzi ilikatika ili kukuepusha na hilo. Itoe kabisa, peleka kwa fundi, umweleze ulichofanya.

Dada wa Kisauni: Hatua zote nimepita, asante. Ila besi ikipanda inajizima, kisha inarudi. Betri ni mpya. Nianzie wapi?
— Swali zuri sana, dada. Acha muziki upige, weka ncha moja ya mita kwenye GND ya amplifaya na nyingine kwenye hasi ya betri. Ikipita nusu volti, athi inakula umeme wako. Pima vivyo hivyo upande wa chanya. Zikiwa safi zote, hesabu omu (ukinzani) za spika: koili mbili za omu 4 zikiungwa sambamba ni omu 2, na amplifaya nyingi zikiunganishwa chaneli mbili kuwa moja hazikubali chini ya 4.

Dada wa Kisauni: Upande wa chanya ni volti 1.3!
— Umelipata. Kagua kishikio cha fyuzi karibu na betri, kisha ukwangue waya: ukiwa mweupe ndani ni alumini iliyopakwa shaba, inahitaji kuwa mnene zaidi.

Dereva wa Magongo: Fundi, nataka kuifunga amplifaya kwenye lori langu la Isuzu NQR.
— Mzee, hiyo ni volti 24, itaiua. Na usichukue 12 kutoka betri moja kati ya mbili: moja itajaa kupita kiasi, nyingine ibaki na njaa, zote zife mapema. Nunua kigeuzi cha 24 kwenda 12, chenye ampea zisizopungua za fyuzi ya amplifaya yako.