SOMO: Replika ya MySQL inachelewa? Pima kabla hujaongeza RAM

Wakuu, replika ni seva ya nakala inayofuata mabadiliko ya seva kuu. Swali la "replika iko nyuma dakika 40, niongeze RAM?" linarudi humu kila mara, na mara nyingi RAM haihusiki kabisa. Someni hili hadi mwisho ndipo muulize. Ni kwa MySQL 8.0, kuanzia 8.0.27.

1. Kwenye replika: SHOW REPLICA STATUS\G. Replica_IO_Running au Replica_SQL_Running ikiwa No, replika haijachelewa, imesimama. Soma Last_IO_Error na Last_SQL_Error.

2. Usiamini Seconds_Behind_Source peke yake. Inapima kilichokwisha kufika, kwa hiyo mtandao ukiwa mzito inaweza kuonyesha 0 huku data imekwama njiani. Linganisha nafasi ya logi ya seva kuu, yaani faili linaloandika mabadiliko yote (SHOW MASTER STATUS), Read_Source_Log_Pos (replika imepokea hadi wapi) na Exec_Source_Log_Pos (imetekeleza hadi wapi), pamoja na majina ya mafaili yake. Pengo likiwa kabla ya Read, shughulika na mtandao. Likiwa kati ya Read na Exec, utekelezaji ndio mzito. Wengi mko hapa.

3. Tafuta majedwali yasiyo na ufunguo msingi (PRIMARY KEY, safu inayotambulisha kila rekodi). Logi ikiwa ya ROW (huandika kila rekodi iliyobadilika, si amri), DELETE moja ya rekodi 50,000 hufika replika kama rekodi 50,000 za kufutwa. Pasipo ufunguo wala indeksi ya kufaa, replika hupekua jedwali zima tena na tena, fungu kwa fungu. Dalili: Exec_Source_Log_Pos imeganda, kiini kimoja cha prosesa kiko 100%, diski imetulia.

ONYO: msikimbilie ALTER TABLE ... ADD id BIGINT AUTO_INCREMENT PRIMARY KEY. Kwanza, replika huianza baada ya seva kuu kuimaliza. Ikichukua nusu saa kule, tegemea nusu saa nyingine ya kuchelewa. Pili, na hili ndilo baya zaidi, ALTER husafiri kama amri, hivyo replika hujigawia namba yenyewe. Mpangilio ukitofautiana, rekodi ile ile inakuwa id 7 kwenye seva kuu na id 9 kwenye replika. Hutaona kosa lolote. Baadaye UPDATE ya id 7 itabadilisha rekodi nyingine kimyakimya.

Kama kuna safu za NOT NULL zisizojirudia, zifanye hizo ndizo ufunguo. Kama hakuna: zuia programu kuandika, tengeneza jedwali jipya lenye id, hamisha kwa INSERT ... SELECT kwa mafungu (kwa tarehe, mfano), kisha RENAME TABLE. Kwa ROW, id husafiri kama zilivyo.

4. STOP REPLICA SQL_THREAD, weka replica_parallel_workers (wafanyakazi wa kutekeleza miamala sambamba) 8 kama viini vya prosesa vipo, washa tena. Kwenye seva kuu: binlog_transaction_dependency_tracking=WRITESET.

5. Kata miamala mikubwa: DELETE ... LIMIT 5000, COMMIT, rudia.

MASWALI

Kipanga: Mkuu nimefanya yote, bado iko nyuma. Msaada.
Jibu: Yote yapi? Weka matokeo ya hatua ya 2.

Nahodha: Kwa nini WRITESET haisaidii jedwali lisilo na ufunguo?
Jibu: Swali zuri sana. WRITESET hukokotoa alama kutokana na funguo za rekodi zilizoguswa. Miamala isiyogongana hutekelezwa sambamba. Pasipo ufunguo hakuna cha kukokotoa, MySQL inarudi kwenye mpangilio wa COMMIT. Ndiyo maana hatua ya 3 inaitangulia ya 4. Ukihamia 8.4, kigezo hicho kimeondolewa; WRITESET ndiyo inayotumika.

Chuma: Nina 8GB, nikiweka 16 itaisha?
Jibu: Hatua ya 2.

Zuhura: innodb_flush_log_at_trx_commit=2 kwenye replika ni salama?
Jibu: Kwa replika ya ripoti, ndiyo, na inapunguza sana kazi ya diski. Logi hushushwa kwenye diski takriban mara moja kwa sekunde badala ya kila muamala. Umeme ukikatika unaweza kupoteza sekunde ya mwisho, basi ihakiki kabla ya kuigeuza seva kuu. Kwenye seva kuu acha 1.

Nahodha: Nyongeza, zana ya pt-heartbeat huandika saa kwenye seva kuu na kuisoma kwenye replika. Haidanganywi na mtandao.
Jibu: Kweli. Ila saa za seva zote mbili ziwe zimelinganishwa kwa NTP (huduma ya kulinganisha saa kupitia mtandao).