Kuandaa igizo la kesi za Salem bila kuzizamisha kwenye mayowe

Kikundi kikiamua kuigiza kesi za uchawi za Salem, Massachusetts, za mwaka 1692, kosa la kwanza huwa ni moto. Salem hakuchomwa mtu. Watu 19 walinyongwa, na mzee Giles Corey, aliyekataa kujibu mashtaka, alikandamizwa kwa mawe mpaka akafa. Kosa la pili ni umati wenye marungu. Mambo haya yalikwenda kisheria: hati za kukamata, mahakimu, karani akiandika. Jukwaani weka meza, karatasi na wino.

Anza na maswali ya hakimu. Machi 1, hakimu John Hathorne hakumuuliza mshtakiwa Sarah Good kama ni mchawi. Alianza kwa kumuuliza ana urafiki na pepo gani, kisha kwa nini anawatesa watoto. Mwigizaji wa hakimu aulize taratibu, kwa adabu. Akifoka, watazamaji watamchukia yeye na mtego uliomo ndani ya swali utawapita.

Wasichana waliodai kurogwa, watano wanatosha. Wakipiga mayowe wote tangu mwanzo, dakika mbili tu ukumbi umechoka. Kinachotisha ni kuiga. Rebecca Nurse, bibi wa miaka 71, alipoinamisha shingo upande, msichana mmoja naye shingo ikamkaa vilevile. Fanyeni mazoezi hivi: mshtakiwa ageuze kiungo kimoja tu, shingo au mkono, msichana wa kwanza aige baada ya pumzi moja, wa pili baada ya mbili, mpaka wote wafuate. Mayowe yaje mwishoni, tena yakatike ghafla.

Sehemu ya kufanyiwa mazoezi kuliko zote ni hukumu ya huyo bibi. Juri ilimwona hana hatia. Wasichana wakaangua kilio, na hakimu mkuu William Stoughton akaikumbusha juri neno alilokuwa amelitamka bibi kuhusu mshtakiwa aliyekiri, kwamba huyo ni “mmoja wetu”. Bibi akaulizwa alikuwa na maana gani. Hakujibu. Baadaye alieleza kwamba masikio yake ni mazito na huzuni ilikuwa imemjaa, na kwamba alimaanisha mfungwa mwenzao, si mchawi mwenzao. Alikuwa amekwishachelewa: juri ilimtia hatiani, akanyongwa Julai 19. Kimya hicho kipewe sekunde kumi kamili. Waigizaji watataka kukikata kwenye ya tatu, basi mwongozaji ahesabu kwa vidole akiwa pembeni. Muulizaji asimame nyuma ya bibi, ili ukumbi ujue hasikii.

Kisha mabenchi mawili. Aliyekana akae kushoto, aliyekiri akae kulia, na kila anayehamia kulia ataje jina jipya. Hesabu ilikuwa hivyo kweli: aliyekiri na kushikilia kukiri kwake hakunyongwa mwaka ule, aliyekana ndiye aliyepelekwa kitanzini. Benchi la kulia likijaa, hakuna haja ya msimulizi kueleza kwa nini watu walidanganya.

Mkiazima kutoka tamthilia ya Arthur Miller ya mwaka 1953 kuhusu kesi hizi, kumbukeni kwamba alimpa Abigail Williams, mmoja wa wasichana hao, miaka 17 na kumfanya mpenzi wa mshtakiwa John Proctor, wa miaka thelathini na kitu. Abigail wa kweli alikuwa mtoto wa miaka 11 au 12, Proctor alikaribia 60, na kumbukumbu za mahakama hazina mapenzi hayo. Liandikeni hilo kwenye karatasi ya ratiba ya onyesho.