Kupiga Gita kwa Bomba: Chombo cha Kuchagua na Namna ya Kuanza

Mpigaji wa udi hahitaji kuelezwa utamu wa sauti inayopanda bila ngazi, kwa kuwa shingo ya udi haina freti (vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo) na kidole huteleza hadi pale sikio linapotaka. Gita lina freti, na njia ya kuzikwepa ni kuvaa kidoleni kipande cha bomba la kioo au la chuma, kisha kukipitisha juu ya nyuzi bila ya kuzikandamiza. Wahawaii hulilaza gita mapajani, ilhali wapigaji wa blues, muziki wa Wamarekani weusi, wa jimbo la Mississippi walilishika kama kawaida na kuvaa shingo ya chupa. Nitaeleza njia hii ya pili, ambayo mtu wa Lamu anaweza kuianza kwa gita la kawaida.

Gita langu la kwanza nililichagua kwa kuwa nyuzi zake zilikuwa laini na karibu sana na freti, na matokeo yake bomba liligonga freti kila niliposogeza mkono. Gita linalofaa ni lile ambalo wengine wamelikataa kwa kuwa linawaumiza vidole: nyuzi ziwe juu, kiasi cha milimita 3 au 4 kwenye freti ya 12 ukihesabu kutoka kichwani mwa gita, na ziwe nene, yaani seti ambayo uzi wake mwembamba kabisa una inchi 0.012 au 0.013. Hata hivyo, chunguza sababu ya kunyanyuka huko. Liinue gita usawa wa jicho, kama fundi wa jahazi anavyoangalia ubao, na ukiona shingo imejipinda kama kamba iliyosokotwa, mrudishie mwenyewe. Kisha jaribu kupenyeza karatasi chini ya daraja, yaani kile kibao cha kifuani kinachoshikilia nyuzi, kwa upande wa nyuma. Ikiingia, gundi imeachia, jambo la kawaida katika joto na unyevu wa kisiwani. Liepuke gita la nyuzi za nailoni, wala usilifunge nyuzi za chuma, kwani mvuto wake mkubwa unaweza kuling'oa daraja. Yale magita yenye sahani ya chuma kifuani, ambayo kampuni ya National ilianza kuyauza miaka ya 1920, yana sauti kubwa na ya kupendeza, lakini anayeanza hana haja ya kuingia gharama hiyo.

Bomba lenyewe si la kutafutwa mbali. Duane Allman, mpigaji mashuhuri wa Marekani, alitumia kichupa kitupu cha dawa. Fundi wa mashine za boti huenda akawa na soketi kuukuu ya kufungulia plagi za injini, na fundi bomba anaweza kukukatia sentimita 6 za shaba na kuzipiga tupa kingo zake. Kioo hutoa sauti ya upole, chuma sauti kali zaidi. Livae kwenye kidole cha mwisho, likae bila kupwaya.

Sasa legeza nyuzi tatu: ule mnene kabisa kutoka noti ya E hadi D, wa tano, ulio jirani yake, kutoka A hadi G, na wa kwanza, ule mwembamba kabisa, kutoka E hadi D. Nyuzi zote zikipigwa wazi zitatoa kodi ya G, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja kwa upatano. Bomba likiwa freti ya 5 utapata C, na freti ya 7 utapata D, nazo hizo tatu zinatosha kwa nyimbo nyingi. Kwa kuwa hakuna uzi uliokazwa, gita la zamani halitaelemewa.

Bomba hukaa juu ya chuma cha freti chenyewe, wala si nyuma yake, na lazima liwe sambamba nacho. Vidole vilivyo nyuma ya bomba viguse nyuzi kwa wepesi, la sivyo utasikia mlio wa pili usiotakiwa. Baada ya kupiga, zifute nyuzi kwa kitambaa kikavu, maana upepo wa bahari huleta kutu haraka, na uzi wenye kutu hukwaruza chini ya bomba.

Kwa juma la kwanza shughulika na uzi wa kwanza peke yake: upige wazi, kisha telezesha bomba taratibu hadi freti ya 12 na usimame pale sauti inapokuwa ile ile, ila ya juu zaidi. Ukishaipata mara kumi mfululizo, fumba macho uitafute tena.