Komeo la dirisha la ndege ya zamani: jinsi ya kupata vipuri vyake

Ukitafuta mtandaoni "komeo la dirisha la Cessna 170", ndege ndogo ya zamani, utaona picha nyingi, kipuri hukipati. Komeo si kitu kimoja. Ni mkono wa kushikia, ulimi unaoingia kwenye fremu, springi, pini ambayo mkono unazungukia, washa (pete bapa za chuma) mbili tatu, na ribiti (misumari inayobanwa ncha) zinazolishikilia lote. Mara nyingi kilichokufa ni kimoja tu kati ya hivyo. Lifungue komeo kwanza, ujue ni kipi, ndipo uanze kutafuta.

Kabla hata ya kulifungua, hakikisha kosa ni lake. Mpira wa kuziba dirisha ukibadilishwa na mnene kuliko wa asili, mkono hulazimika kusukumwa kwa nguvu kila safari, na siku moja hukatika. Weka kipande cha karatasi kati ya mpira na fremu, funga dirisha, kisha kivute. Kinapaswa kutoka kwa ukinzani kidogo, sawasawa pande zote. Kikichanika upande wa komeo huku upande mwingine kinateleza bure, rekebisha mpira na bawaba kwanza, la sivyo komeo jipya nalo litakatika palepale.

Sasa namba. Chukua katalogi ya vipuri ya ndege yako, toleo linalohusu namba yako ya utengenezaji. Cessna 170 ilitengenezwa kuanzia 1948 hadi 1956, na katika miaka kama hiyo kiwanda hubadilisha vitu vidogo bila kubadilisha jina la ndege. Ndiyo maana safu ya katalogi inayoonyesha kipuri kinaanzia ndege namba ngapi hadi ngapi ni muhimu kuliko mchoro wenyewe. Angalia pia tarakimu baada ya kistari: mara nyingi witiri ni upande wa kushoto na shufwa ni wa kulia. Komeo la kulia ni taswira ya kioo ya la kushoto. Kwenye picha huwezi kuona tofauti, ila ukilipachika kwenye dirisha mkono unafunguka kinyume.

Ukishapata namba, itafute kwa sura zake zote: pamoja na kistari, bila kistari, na bila tarakimu za mwisho. Kisha fungua katalogi za ndege ndugu, yaani aina nyingine za kiwanda hichohicho, uone namba hiyohiyo inatokea wapi kwingine. Hapa ndipo milango hufunguka, kwa sababu mwenye yadi ya ndege chakavu huenda hana 170 hata moja, lakini ana mabawa na milango ya ndege nyingine ya kiwanda hicho. Unapomwandikia, mpe namba ya kipuri, upande, na picha yenye rula pembeni. Mwombe kipuri kije na lebo inayosema kilitolewa kwenye ndege gani, namba yake ya utengenezaji, na kwa nini kilitolewa. Bila lebo hiyo fundi wako atabaki na chuma asichoweza kukitetea.

Vitu vidogo visikusumbue, kwani vingi bado vinatengenezwa, ila namba zimebadilika. AN, NAS na MS ni herufi za viwango vya Marekani vya vipuri vya ndege. Katalogi ya zamani itakuambia washa AN960-10. Leo agiza NAS1149F0363P. Ile nyembamba, AN960-10L, sasa ni NAS1149F0332P. Spilinti (pini za kupindwa ncha) za AN380 zimekuwa MS24665, na pini zenye kichwa za AN392 zimekuwa MS20392. Ribiti husomwa hivi: MS20470AD3-4 ina kipenyo cha 3/32 ya inchi na urefu wa 4/16, yaani robo inchi. Herufi AD ni aina ya alumini, na utaitambua kwa kidoa kilichobonyea katikati ya kichwa. Kichwa kisicho na alama ni alumini laini. Usiitumie mahali pa AD. Agiza urefu wa aina mbili au tatu, ishirini ishirini, maana unataka ncha itokeze mara 1.5 ya kipenyo, na unene halisi wa fremu utaujua ukiwa umeshaing'oa ribiti ya zamani.

Skrubu za kichwa kinachozama ni mtego. Za ndege zina pembe ya nyuzi 100, za dukani kwa kawaida 82. Ya 82 ikiingizwa kwenye tundu la 100 hukaa kwenye ukingo mwembamba tu, na mtikisiko wa injini huimalizia.

Springi ndiyo hupatikana kwa shida zaidi, na ndiyo rahisi kuagiza itengenezwe ukiwa na vipimo sahihi: kipenyo cha waya, kipenyo cha nje, idadi ya mizunguko, inajikunja upande gani, na miguu yake ina urefu na pembe gani. Waya upime kwa maikromita, mahali pasipo na kutu wala rangi. Nguvu ya springi hupanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo cha waya. Waya wa inchi 0.036 badala ya 0.032 ni tofauti ya unene wa karatasi moja, lakini springi inakuwa ngumu kwa asilimia 60 zaidi, na mzigo huo wote unauangukia mkono.

Mikono mingi ya zamani ni ya zinki iliyosubiwa. Huanza na ufa kama unywele pembeni ya tundu la pini. Usijaribu kuichomelea. Kama tundu limekuwa yai tu na hakuna ufa, lipanue liwe duara tena, uweke bushi (kipete cha ndani ya tundu) ya shaba nyeusi. Kukiwa na ufa, tafuta mwingine au uchongwe kwa alumini.

Kuhusu kuchonga: kwa ndege iliyosajiliwa Marekani, kanuni 21.9 ya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya huko, inamruhusu mwenye ndege kutengeneza kipuri cha ndege yake, si cha kuuza. Kulipa karakana peke yake hakutoshi. Lazima ashiriki walau kwa njia moja: atoe mchoro au vipimo, atoe malighafi, aeleze namna ya kutengeneza, aweke utaratibu wa ukaguzi, au asimamie kazi. Kwa vitu mbadala, waraka AC 23-27 wa FAA wa 2009 umeandikwa kwa ajili ya ndege ndogo za zamani. Mwonyeshe fundi atakayetia saini kabla hujalipa chochote, kwa kuwa yeye ndiye atakayeandika kwenye kitabu cha ndege.

Na ukipata mkono mzima, usiupachike siku hiyohiyo. Upime, uuchore, uandike ni madini gani na tundu liko umbali gani kutoka ukingoni. Wa upande wa pili una umri uleule na ule uliokatika.