Kabla ya kuhamia shamba kifuku hiki

Mvua za kwanza zikishanukia, huku kwetu Ruangwa, mkoani Lindi, watu wanaanza kufunga mizigo ya shamba. Majembe, panga, mbegu za mahindi na mbaazi, sufuria mbili, mkeka, dumu la maji. Wengine watakaa huko miezi mitatu minne, wakilala kwenye dungu au kibanda cha nyasi ili kuwafukuza ngedere na nguruwe pori. Msimu mmoja nilimsaidia dada yangu kupakia baiskeli. Tulifunga kila kitu, kamba ikakazwa, akaondoka na wanawe. Jioni nilipoingia chumbani kwake kufunga dirisha, nilikuta chandarua bado kinaning'inia juu ya kitanda kitupu. Wiki tatu baadaye mtoto wake wa mwisho aliletwa zahanati usiku, amefungwa khanga mgongoni kwa mama yake, kichwa kinayumba huku na huku. Alipona. Tangu hapo kwetu jembe halifungwi kwenye baiskeli kabla ya vitu vya afya.

Chandarua kwanza. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulipima malaria kwa watoto wa chini ya miaka 5. Kwa nchi nzima waliokutwa nayo walikuwa kama 8 katika kila 100. Mtwara walikuwa kama 20. Sisi wa kusini hatuna ruhusa ya kulala bila chandarua hata usiku mmoja. Na vyandarua vimeletwa: Lindi, Mtwara na Ruvuma ndiyo mikoa iliyotangulia kugawiwa kupitia wanafunzi mashuleni, mwaka 2013, na mjamzito hupewa chake anapoanza kliniki, mtoto naye anapopata chanjo ya surua ya miezi 9. Tatizo ni kwamba tunakihesabu kuwa cha kitanda cha nyumbani, wakati kibanda cha shamba hakina dari wala mlango wa maana. Kabla ya kuondoka kitandaze kivulini penye mwanga ukitazame matundu, uyashone. Kama kinahitaji kufuliwa, kifue taratibu kwa sabuni ya kipande na ukianike kivulini, kwa sababu jua kali linapunguza nguvu ya dawa yake. Beba na kamba nne za kufungia kwenye nguzo za kibanda. Unapolala kwenye mkeka, pindo zote zichomekwe chini ya mkeka, maana mbu anapenyea pale pale ubavuni.

Jambo la pili linaonekana dogo, lakini mimi naliweka juu sana: uzito wa kila mtoto. Pita kliniki wiki ya kuondoka, wapimwe, uandike kwenye kadi. Dawa mseto ya malaria inatolewa kwa kilo. Mwenye kilo 5 hadi chini ya 15 anameza kidonge kimoja kwa kila dozi, kuanzia 15 hadi chini ya 25 viwili, kuanzia 25 hadi chini ya 35 vitatu, na mwenye 35 kwenda juu vinne. Dozi ni sita kwa siku tatu. Ya pili inamezwa saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Inamezwa pamoja na chakula chenye mafuta, na hapa Mungu ametujalia: uji wa karanga au wali wa nazi unatosha kabisa. Nimeona mama anampa mtoto dozi tatu, homa inashuka, zilizobaki anazifunga kwenye pindo la khanga "za siku nyingine". Hakuna za siku nyingine. Nusu dozi inaacha vijidudu hai, na homa itarudi mkiwa mbali zaidi na zahanati. Wala usibebe dawa mseto ya kununua ili umeze kwa kubahatisha. Homa ipimwe kwanza. Ni tone moja la damu ya kidole na dakika kama 15 za kusubiri. Mistari miwili ni malaria, mmoja wa herufi C peke yake si malaria.

Basi huo mstari mmoja ndio unaonitia wasiwasi kuliko yote, kwa sababu watu wengi wakiuona wanarudi nyumbani wakiwa wamefarijika au wamekasirika, na mgonjwa bado anaungua. Julai 2022 hapa hapa wilayani kwetu walitokea watu wenye homa, kichwa kuuma, uchovu na damu kutoka puani. Kijijini kulikuwa na hofu, kila mtu ana lake la kusema. Wataalamu wakachukua sampuli, na tarehe 18 Julai Wizara ya Afya ikatangaza kuwa ni homa ya mgunda: wagonjwa 20, waliofariki 3. Mgunda unatokana na bakteria wanaotoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, wa porini na wa kufugwa. Mkojo ukiingia kwenye maji au tope, bakteria humwingia mtu kupitia kidonda, mchubuko, macho au mdomo. Dalili huja baada ya siku chache hadi wiki kadhaa: homa ya ghafla, misuli kuuma hasa vigimbi vya miguu, macho kuwa mekundu, na ikizidi manjano au kutokwa damu. Dawa zake ni antibayotiki za kawaida ambazo hospitali wanazo, na zinafanya kazi vizuri zikianzwa mapema. Kwa hiyo mwenye homa akipimwa na kukutwa hana malaria, mwambie mganga wa zahanati maneno haya bila kuona aibu: tunalala shamba, kibandani kuna panya, tunachota maji ya dimbwi, amekuwa akilima pekupeku. Hayo ndiyo yanayomwelekeza atafute kitu kingine.

Kutokana na hilo, mzigo wa shamba unahitaji mabuti ya mpira kwa anayelima kwenye tope, kitambaa safi cha kufungia vidonda, na ndoo yenye mfuniko wa kubana ya kuwekea unga na mbegu ili panya wasipate sababu ya kuhamia kwenu. Watoto wasiogelee madimbwini. Huko kuna kichocho pia. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, au yawekwe dawa ya kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa, kisha yakae kwenye chombo chenye mfuniko. Na tafadhali sana, dumu lililokuwa na dawa ya mikorosho lisibebe maji ya kunywa, hata ulioshe kwa mchanga na majivu mara kumi. Litobolewe kabisa asije mtu mwingine akalitumia.

Kuharisha hakukosi kifuku. Beba pakiti za ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, na vidonge vya zinki. Pakiti ya kawaida ni ya lita moja, na kosa ninaloliona kila mwaka ni kuichanganya kwenye ile chupa kubwa ya maji ya dukani, ambayo ni lita moja na nusu. Hapo dawa inakuwa nyepesi. Chukua chupa ya lita moja, au pima nyumbani mchana na uweke alama ya kalamu kwenye chupa yako. Iliyokaa zaidi ya saa 24 mwaga, changanya nyingine. Pakiti zikiisha, lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazishwa, si vya mlima. Zinki mtoto ameze siku 10 hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu, na anayenyonya aendelee kunyonya.

Kaeni kama familia, babu na bibi wakiwepo, mkubaliane dalili ambazo zikionekana hakuna kikao tena, ni safari. Mtoto hawezi kunyonya wala kunywa. Anatapika kila kitu. Amelegea au haamki vizuri. Anapumua kwa kasi, kifua kinabonyea. Ana degedege. Hilo la mwisho nalisema kwa heshima kwa wazee wetu, kwa sababu wapo wanaoamini kwamba mwenye degedege akichomwa sindano atakufa, kwa hiyo apelekwe kwanza kwa mganga wa kienyeji. Degedege mara nyingi ni homa kali, na huku kwetu homa hiyo mara nyingi ni malaria iliyopanda kichwani. Sindano ndiyo inayomwokoa. Mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, mwondoke. Mazungumzo haya yafanyike sasa, kabla ya saa nane za usiku na mvua inanyesha.

Safari yenyewe nayo ina maandalizi. Chagueni bodaboda mmoja au wawili wanaojua njia ya shamba lenu, mpatane bei ya usiku mapema, namba zao ziwe kwenye simu mbili. Pesa ya nauli ikae mahali pake isiguswe kwa chumvi wala sukari. Simu ya shamba iwe na chaji; kisola kidogo cha kuchajia ni cha thamani kuliko redio. Mjamzito au mama aliyejifungua karibuni akipata shida, namba 115 ya huduma ya m-mama ni bure na wanapanga usafiri. Ushauri wa afya wa kawaida unapatikana bure kwa namba 199. Lakini mjamzito aliyekaribia siku zake asiende shamba kabisa. Abaki karibu na kituo, asikose dawa zake za kukinga malaria kliniki, na wa nyumbani wamletee mboga.

Nyoka: mabuti, tochi, na fimbo ya kugonga nyasi mbele yako. Aliyeumwa asichanjwe, asifyonzwe, asikazwe kamba. Mguu utulizwe usitikisike, apelekwe hospitali.

Mwisho kuna wale wenye dawa za kila siku: presha, sukari, kifua kikuu, na wanaohudhuria CTC, yaani kliniki ya dawa za VVU. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopiga pwani, barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika upande wa Kilwa na magari yakalala njiani. Njia za mashamba hukatika kwa mvua ndogo kuliko ile. Waelezeni wahudumu kwamba mnahamia shamba, waone kama mnaweza kupewa dawa za miezi kadhaa, na zifungwe ndani ya mfuko wa plastiki, kisha kopo, liwekwe juu kibandani mbali na watoto. Dada yangu kopo lake lilikuwa la maziwa ya unga. Ndani mna kadi za watoto, kadi ya bima, ORS, shilingi elfu kumi na tano na karatasi yenye namba za boda, na mwaka huu ndilo la kwanza kupanda baiskeli, chandarua kikiwa kimezungushiwa juu yake.