Namna ya kuzipima habari za mionzi ya simu kabla ya kuziamini

Habari kwamba simu zinaleta saratani ya ubongo haziishi kwenye makundi ya WhatsApp, na hapa Mbeya hupamba moto kila mnara mpya unaposimamishwa mtaani. Ujumbe wa namna hiyo ukikufikia, usiusambaze; tafuta kwanza utafiti unaodaiwa kuwa chanzo chake, uangalie ulifanywa kwa nani na matumizi ya simu yalipimwaje.

Mara nyingi utakuta umetajwa uamuzi wa mwaka 2011 wa IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), ambalo liliyaweka mawimbi ya redio, ndiyo mionzi ya simu na minara, katika kundi la 2B, yaani vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Kundi hilo huonyesha uzito wa ushahidi uliopo, wala halisemi hatari ni kubwa kiasi gani. Dondoo la jani zima la aloe vera, ambayo wengi wetu tumeipanda uani, nalo limo humo.

Swali la upimaji ndilo linaloangusha madai mengi. Utafiti wa Interphone kuhusu simu na uvimbe wa ubongo, uliofanyika katika nchi 13 na matokeo yake makuu kutolewa mwaka 2010, uliwataka wagonjwa wakumbuke walivyotumia simu miaka ya nyuma, na hatari ilionekana kuongezeka kwa waliosema wametumia sana kuliko wote; lakini miongoni mwao walikuwamo waliodai kuzungumza zaidi ya saa 12 kwa siku, jambo ambalo sidhani kama hata wakala wa mabasi pale stendi analiweza. Utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2022, uliowauliza wanawake zaidi ya 770,000 kabla hawajaugua, haukuona tofauti ya uvimbe wa ubongo kati ya waliotumia simu na wasiotumia. Ukisoma habari za utafiti wa Marekani wa mwaka 2018 uliojaribu mawimbi ya simu kwa panya, kumbuka kwamba walipigwa mawimbi mwili mzima, saa 9 kwa siku, kwa muda wa miaka miwili hivi.

Ukitaka tahadhari, anza na simu iliyo sikioni, si mnara wa mbali. Katika mabonde ya Makete au Kilolo, ambako mtandao huja na kupotea, simu huongeza nguvu ili iufikie mnara. Kwa hiyo subiri upande mahali penye mtandao mzuri, au tumia kipaza sauti na spika za masikioni, kwani hata sentimita chache hupunguza sana mionzi inayofika kichwani.

Simu nyingi ukibonyeza *#07# huonyesha kiwango cha SAR, yaani kipimo cha nishati ya mawimbi ambayo mwili hufyonza, ambacho kwa kichwa kikomo chake cha kimataifa ni wati 2 kwa kilo. Namba hiyo hupimwa simu ikiwa katika nguvu yake ya juu kabisa, hivyo yenye 1.2 si lazima ikupe mionzi mingi kuliko yenye 0.8 inayohangaika kutafuta mtandao bondeni.