Somo: Kinanda cha mdomo (harmonika), kuanzia do ya kwanza hadi kukusanya aina zake

Anza na kinanda cha matundu 10, ufunguo wa C, yaani do yake ni C. Kile kirefu chenye safu mbili za matundu kwa kawaida ni tremolo, aina yenye sauti ya kutikisika. Mpangilio wake ni mwingine, na somo hili halitakifaa.

Hatua ya 1. Kishike kwa mkono wa kushoto, namba 1 ikiwa kushoto, upande wa sauti nene. Kiingize hadi sehemu yenye unyevu ndani ya midomo. Ukikigusa kwa ncha za midomo hewa huvuja na sauti huwa nyembamba.

Hatua ya 2. Puliza matundu 1 hadi 3 kwa pamoja: do-mi-so. Vuta hayohayo: re-so-ti. Nguvu iwe ya kupumua tu, kutoka tumboni. Hapa ndipo vinanda vingi hufia. Ndani kuna vijiulimi 20 vya shaba, vipande vyembamba vinavyotetemeka na kutoa sauti. Ukivikurupusha kwa pumzi kali sauti hushuka au hukwama, na ukizoea hivyo kijiulimi huchoka, kikapasuka karibu na shina lake.

Hatua ya 3. Chongoa midomo kama mpiga mluzi, utafute tundu la 4 peke yake. Ukisikia sauti mbili, sogeza kinanda kidogo pembeni. Usibane midomo zaidi.

Hatua ya 4. Skeli, yaani ngazi ya sauti kutoka do hadi do, kwa solfa ya kwaya:
do puliza 4, re vuta 4
mi puliza 5, fa vuta 5
so puliza 6, la vuta 6
ti vuta 7, do puliza 7

Tazama la na ti: unavuta mara mbili mfululizo. Kuanzia tundu la 7 sauti ya kuvuta iko chini ya ile ya kupuliza, na wengi hupotelea hapo.

Hatua ya 5. Kupinda sauti. Vuta 4 mdomo ukiwa kwenye "ii", kisha rudisha ulimi nyuma kuelekea "uu". Sauti ishuke nusu toni bila kuongeza pumzi.

Kwa mkusanyaji, ningeshauri ununue maumbo tofauti kabla ya funguo nyingi za umbo moja: tremolo, oktavu (kila sauti hulia pamoja na ya jina lilelile ya juu yake), kisha kromatiki yenye kitufe cha kupandisha nusu toni. Aina iitwayo Marine Band ya kampuni ya Hohner, kutoka Trossingen, Ujerumani, imekuwepo tangu 1896. Ile ya asili ina kiunzi cha mti kilichopigiliwa misumari. Usiiloweke kamwe: mti huvimba na kukwaruza midomo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, kwa nini upande wa sauti nene sipati fa wala la?
Hazikuwekwa, ili ukivuta 1 hadi 4 upate kodi (sauti kadhaa zinazolia pamoja) kamili ya so. Utazipata kwa kupinda: vuta 2 ishuke toni nzima, ni fa, vuta 3 ishuke toni nzima, ni la.

Vuta 2 yangu haitoi sauti. Kibovu?
Mara nyingi ni pumzi kali au koo lililobanwa. Legeza taya, vuta polepole mno. Ikigoma, gonga kinanda kiganjani matundu yakitazama chini, mate yatoke. Pia sukutua kinywa kabla ya kupiga. Soda huacha utando kwenye shaba.

Naweza kupinda kwenye tremolo?
Si kwa namna hii. Kupinda kunahitaji kijiulimi cha kupuliza na cha kuvuta vikae chumba kimoja. Kwenye tremolo kila kimoja kina chumba chake.